Miguu ya Kuka Ilikuwa Imelowa

Kafuri haina harufu ya kifo. Inanukia kama sanduku la nguo lililofungwa muda mrefu, halafu inaacha ubaridi puani. Nilikuwa sijainusa kwa zaidi ya miaka sitini, nikadhani imebaki kule kwetu Mumias pamoja na wale walioitumia. Kumbe ilikuwa inaningoja mwezi uliopita, katika chumba cha nyuma cha msikiti mmoja hapa Minneapolis, theluji nje imefika magotini.

Aliyekuwa anaoshwa ni Mzee Bakari, jirani yangu wa mlango kwa mlango katika nyumba za kupanga kule Burnsville. Alikuwa mtu wa pwani, na kwa miaka tisa alikosoa Kiswahili changu cha bara bila kuchoka. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo sikuingia kuosha. Nilisimama mlangoni nimeshika mfuko wa pamba. Mwanawe Nasoro, aliyekuja mbio kutoka kazini Plymouth na kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, akatoka mikono imelowa maji, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mzee, wewe ndiye ulikuwa naye mwisho. Alisema neno lolote?"

Nilishika fremu ya mlango.

"Alisema hita imezima," nikamjibu. "Akaniambia nimpigie meneja mimi, kwa sababu Kiingereza changu kina makelele."

"Hakutamka kitu kingine?"

"Sikusikia, mwanangu. Nilikuwa nimempa mgongo, naikagua hita."

Akacheka, halafu machozi yakamtoka huku bado anacheka. "Huyo ni yeye kabisa," akasema. "Asante kwa kuniambia ukweli, Mzee. Mtu mwingine angenipambia maneno."

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na koti langu zito mwilini mpaka mjukuu wangu aliporudi kutoka shule akaniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Swali lile nilikuwa nimeulizwa mara moja kabla, karibu kwa maneno yaleyale, nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Mara ile nilikuwa nimesikia.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi nyumba moja ilivyoweza kubeba dini mbili bila kupasuka. Kwetu Wanga ilikuwa hivyo. Tulikuwa na ufalme wetu, na mfalme wetu tuliyemwita Nabongo, kabla ya mgeni yeyote kufika. Kisha wakaja wafanyabiashara wa pwani na vitambaa na Kurani, wakapokelewa ikuluni, na baadhi ya watu wa nyumba ya mfalme wakasilimu. Wamisionari walikuja baadaye, nao wakapewa mahali. Babu yangu, ambaye kwa lugha yetu nilimwita Kuka, alikuwa mwana wa mtu aliyebeba kigoda cha mfalme. Alisilimu akiwa kijana. Bibi yangu, Kukhu, alikuwa Mwislamu pia, na baba yangu mdogo, Baba Idi. Lakini baba yangu mzazi alijifunza useremala misheni, akabatizwa huko, akamwoa mama yangu kanisani. Mama alikufa nikiwa na miaka saba, akazikwa katika makaburi ya misheni chini ya msalaba wa mbao alioutengeneza baba kwa mikono yake.

Tulikula chungu kimoja. Kuku au mbuzi alichinjwa na Kuka, kwa kisu chake chenye mpini wa pembe, ili kila mtu aweze kula. Baba hakuona taabu. Hata Krismasi mbuzi alipelekwa kwa Kuka asubuhi, na Kuka alimwelekeza kibla, akamchinja, kisha akamwambia baba, "Haya, Petro, mpelekee Yesu wako," na wote wawili wakacheka.

Kazi yangu mimi ilikuwa birika. Tangu nilipoweza kubeba kitu kizito, nilimpelekea Kuka maji ya kutawadha. Lilikuwa birika la bati, mdomo wake umepinda. Nilimmiminia viganjani, akasukutua, akaosha uso na mikono hadi kwenye viwiko, akapaka maji kichwani, na mwisho akanyoosha miguu yake, wa kulia kwanza. Ilikuwa miguu mipana, yenye nyufa kisiginoni. Ikishalowa ilinukia udongo wa mvua ya kwanza. "Usinipunje," aliniambia nikimimina kidogo. "Mungu anajua kuhesabu vidole."

Mara moja nilimuuliza kama alisilimu kwa sababu Nabongo alitaka.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mwalimu. Anasema dini huanza kwa mfalme."

"Mfalme alikuwa na mambo yake," Kuka akasema. "Mimi nilikutana na mpishi wa msafara. Nilikuwa nanuka, nimetoka kuchunga. Akanimiminia maji kabla hajanipa chakula. Hakuna mtu aliyewahi kunimiminia maji. Nikataka kujua ni dini gani hiyo."

Mwalimu ninayemsema ndiye aliyetufundisha historia asubuhi na katekisimu mchana, katika shule ya msingi ya misheni. Alikuwa mtu mwembamba, shati jeupe siku zote, na alifundisha vizuri sana. Hilo siwezi kumnyima. Alichora Afrika ubaoni kwa mkono mmoja bila kutazama kitabu. Akatuonyesha Aksum, ambako mfalme alipokea ubatizo zamani kabla ya nchi nyingi za Ulaya. Akatuonyesha Ghana na Mali na misafara ya chumvi iliyovuka jangwa pamoja na Uislamu. Akashuka mpaka Kongo, ambako mfalme aliingia majini na wakuu wake wakamfuata. Nchi za Kikristo alizipaka chaki nyekundu, za Kiislamu chaki ya kijani, na kati yao akachora mstari mweupe.

"Mkiona mfalme amegeuka," alisema, akigonga ubao, "basi nyumba nzima imegeuka. Kichwa kikigeuka, mwili utakwenda wapi?"

Mtoto huchukua kile kinachomuuma. Wenzangu waliondoka na majina ya falme. Mimi niliondoka na ule mstari mweupe. Nilielewa kwamba mbinguni pamegawanywa namna ileile, nyekundu huku na kijani kule, na mpakani wapo askari kama wale waliokagua watu barabarani. Mama yangu alikuwa upande mwekundu, peke yake. Hakuwa na mtu hata mmoja wa nyumba yetu. Na Kuka alikuwa mzee. Akifa atapelekwa kijani, na Kukhu atamfuata, na Baba Idi, na mama atabaki akichungulia ng'ambo.

Mwaka ule ulikuwa wa mtihani. Aliyefaulu alipata nafasi katika shule ya bweni ya misheni, na Mwalimu ndiye aliyeandika barua za kuwasifia wanafunzi. Siku moja aliniona uani kwetu nimeshika birika. Kesho yake akanibakiza baada ya kipindi.

"Klementi, huwezi kumtumikia mtu katika ibada yake na kesho uje kupokea Komunyo."

"Namsaidia tu Kuka, Mwalimu."

"Msaidie kwa kumwombea."

Nikaacha. Sikumwambia Kuka sababu. Wakati wa kutawadha ulipofika nilijificha nyuma ya ghala la mahindi, nikamsikia ananiita kwa jina langu la nyumbani, "Makokha! Makokha!", kisha ananyamaza. Nilimchungulia akijimiminia mwenyewe, birika likitetemeka, maji mengi yakienda chini. Hakunigombeza hata mara moja. Jioni aliniwekea firigisi ya kuku kama kawaida.

Mvua zilipoanza Kuka aliugua kifua. Kufikia wiki ya tatu hakuinuka tena. Alilala kwenye kitanda cha kamba chumbani kwake, uso umekuwa mdogo, pumzi inakwaruza. Wakati huohuo katika katekisimu tulifika kwenye somo ambalo nililikariri kuliko yote: mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, yeyote anaweza kumbatiza. Anahitaji maji, na maneno, na nia.

"Hata mtoto?" nikauliza.

"Hata mtoto," Mwalimu akasema. Akanitazama. "Mtoto anayefanya hivyo anakuwa kama wale waliowapeleka wafalme majini."

Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba nilifanya kwa ajili ya mama. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni ile barua ya shule ya bweni, na jinsi Mwalimu alivyonitazama.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri, mvua imekatika, jua linachoma matope. Baba alikuwa misheni kazini. Baba Idi alikwenda kumwita mwalimu wa madrasa. Kukhu aliniambia, "Kaa naye, naenda kuokota kuni kavu kabla mvua haijarudi. Akiomba maji mpe kijiko kimojakimoja." Nikabaki peke yangu na Kuka.

Nilitafuta kikombe, sikukiona. Kilichokuwepo ni birika, pembeni mwa kitanda, limejaa maji. Nikalichukua. Nikasimama kichwani pake, nikamimina mara tatu juu ya paji la uso, nikasema maneno kwa kunong'ona, nikampa jina la Josefu kwa sababu tulifundishwa kwamba ndiye msimamizi wa kifo chema. Maji yakamtiririkia masikioni.

Kuka akafungua macho. Akaniona, akaliona birika. Uso wake ukabadilika. Nimeishi zaidi ya miaka sitini tangu hapo na sijaona tena uso wa mtu ukifurahi namna ile.

"Makokha," akasema. "Umekumbuka."

Akatoa mikono yake chini ya blanketi, akaikinga viganja.

Sikujua la kufanya. Nikammiminia. Akasukutua kidogo, maji yakamwagikia kidevuni. Akajipangusa uso. Akanyoosha mkono wa kulia, nikaumiminia mpaka kwenye kiwiko, halafu wa kushoto. Mikono yangu iliijua kazi hiyo kuliko nilivyoijua katekisimu. Nilipomaliza akasukuma blanketi kwa kisigino, nikamwosha miguu, wa kulia kwanza, kila kidole, kwa sababu Mungu anajua kuhesabu. Maji yalilowesha godoro. Kuka akainua kidole cha shahada, akatamka shahada yote, polepole, kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. Akaitamka tena. Baada ya hapo hakusema neno. Alivuta pumzi kadhaa zilizopishana sana, na nilikuwa bado nangoja inayofuata nilipoelewa kwamba haiji.

Nikakimbia. Nilipita njia panda: kushoto ni kwa madrasa alikokwenda Baba Idi, kulia ni misheni. Nikaenda kulia.

Aliyenipokea mlangoni mwa shule ni Mwalimu. "Nimembatiza Kuka," nikamwambia nikihema. "Amekufa."

Akanishika mabega. "Alikataa?"

"Hapana."

"Alionyesha kukubali?"

"Alikinga mikono," nikasema. Na huo, wenzangu, ulikuwa ukweli.

Tuliporudi na baba, na Mwalimu, na mkokoteni wa misheni wenye jeneza, uani kulikuwa kumejaa watu. Baba Idi alishanunua sanda. Mwalimu wa madrasa alishafika. Harufu ya kafuri ilikuwa imetanda mpaka jikoni, kwa sababu Kukhu alikuwa ameshaifungua na kuiponda. Walikuwa wanangoja tu maji ya kuosha yapoe.

Sitayaandika yote waliyosemeana baba na Baba Idi, watoto wa tumbo moja. Ilifika mahali Baba Idi akasema, "Petro, ulimla mbuzi wake maisha yako yote, leo unataka kumla na yeye?" Baba akamrukia. Watu wakawatenganisha. Chifu akaitwa, naye alikuwa mtu wa haki, aliyeogopwa. Akasikiliza pande zote, akasema, "Mtu mzima hazikwi kwa ugomvi. Nani alikuwa naye?"

Wote wakanigeukia.

Baba Idi ndiye aliyepiga magoti mbele yangu kwenye matope. "Nitakubaliana na huyu," akamwambia Chifu. "Mtoto huyu nimemlea. Hajui uongo." Kisha kwangu, taratibu kabisa: "Makokha, mwanangu. Wewe ndiye ulikuwa naye mwisho. Alisema neno lolote?"

Nilimwona Mwalimu nyuma yake, shati jeupe. Nilimwona baba na mdomo unaotoka damu. Niliuona ule mstari wa chaki, na mama ng'ambo yake, na Kuka anauvuka. Ilibaki neno moja tu avuke, nyumba nzima ifuate. Kichwa kikigeuka, mwili utakwenda wapi?

"Hapana," nikasema. "Nilimmiminia maji, akakinga mikono. Hakusema neno."

Baba Idi alibaki amepiga magoti.

Ndipo Kukhu akatoka chumbani. Hakuwa amesema lolote mpaka wakati huo. Alikuja mpaka kwangu, viganja vyake vyeupe kwa kafuri. "Miguu yake imelowa," akasema. "Kwa nini miguu yake imelowa?"

Hakuna aliyemwelewa. Chifu akasema, "Mama, kapumzike."

"Mtu akibatizwa hulowa kichwa. Huyu amelowa miguu. Mpaka katikati ya vidole." Akanishika kidevu. "Makokha, nani aliiosha miguu ya babu yako?"

"Maji yalimwagika, Kukhu," nikasema.

Akaniachia. Kafuri ilibaki kidevuni mwangu, nikaifuta kwa mkono wa shati.

Kuka akazikwa siku mbili baadaye, ndani ya jeneza, karibu na mama yangu, chini ya msalaba ulioandikwa Josefu. Nilipata nilichokitaka. Nilipata na nafasi ya shule. Barua ya Mwalimu ilinitaja kama mtoto mwenye imani ya ajabu. Lakini nyumba haikumfuata mtu yeyote. Badala ya nyumba kugeuka, yakawashwa majiko mawili. Kisu cha Kuka kilichukuliwa na Baba Idi, na upande wetu ukaanza kuchinja wenyewe, na upande wao ukaacha kula kwetu. Kukhu aliyabeba mabaki ya ile kafuri kwenye pindo la leso yake, akafunga fundo. Kila niliporudi likizo alinikumbatia kama zamani, nami nilikaza mwili nisiinuse. Alikuwa ameomba jambo moja tu maishani, alazwe karibu na mumewe. Waislamu wasingemzika misheni, na misheni isingempokea. Alizikwa peke yake.

Hayo nilikuwa nayo nilipotoka kumwosha, yaani kumsindikiza, Mzee Bakari. Daktari ameshaniambia kuhusu figo zangu. Si jambo la kusubiri. Na wote walionisikia uani siku ile wamekufa. Nikifa mimi, uongo wangu utabaki kuwa ndio ukweli pekee uliopo. Jumamosi, mapema, nikapanda basi kwenda Richfield kwa Mariamu.

Mariamu ni binti wa Baba Idi. Alizaliwa baada ya mambo hayo. Anafanya kazi ya kutunza wazee, na ndiye mtu pekee wa damu yangu katika mji huu mzima, lakini katika miaka kumi na moja tumekunywa chai tu. Hajawahi kula nyama kwangu, nami sijawahi kumuuliza.

"Kaka! Kwa baridi hii?" akasema mlangoni. "Si ungenipigia nikupick? Niko off leo."

"Nilitaka nifike mwenyewe."

"Ukianguka kwenye ice watasema mimi ndio nilikuita. Ingia, ingia. Viatu weka hapo."

Ndege ikapita karibu na paa, vikombe vikatetemeka. Nikamweleza. Sikumpamba mtu, hasa mimi. Alinisikiliza akiwa amesimama kwenye sinki, mkono umeshika sponji. Nilipofika kwenye birika na vidole vya miguu, sponji ikadondoka.

"Subiri," akasema. "Rudia hapo."

"Nilimwosha miguu. Wa kulia kwanza."

"Kwa hiyo ilikuwa imelowa."

"Ilikuwa imelowa."

Akakaa chini sakafuni palepale, mgongo kwenye kabati. "Unajua Kukhu alikuwa anasema hivyo mpaka mwisho?" akasema. "Miaka yake ya mwisho hakuwa na neno lingine. Mgeni akija kuuza sabuni, Kukhu anamshika mkono: 'Miguu yake ilikuwa imelowa.' Tukasema akili zimekwenda. Mimi na kaka Swalehe tulikuwa tunamwigiza. Mimi ndio nilikuwa fundi. Najifunga leso, natetemesha sauti, 'Mig-uu yake ili-kuwa imelo-wa', na watoto wote wanaanguka kwa kicheko. Alinikuta siku moja, Kaka. Alinikuta, akanitazama tu."

Nilikuja kumletea kosa langu, kumbe nilikuwa nimempa na yeye lake tangu hajazaliwa.

Baada ya muda akainuka, akachukua simu, akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa inaita kwa sauti. Swalehe ni kaka yake, aliyebaki nyumbani Mumias. Kule ilikuwa jioni inakaribia.

"Sema," Mariamu akaniambia. "Usimwambie kwamba unasikitika. Sema alichokisema."

Swalehe akapokea, kuku wakilia nyuma yake. Nikamwambia mimi ni nani na ninazungumzia siku gani. Kisha nikaitamka shahada yote kama Kuka alivyoitamka, polepole, na nikaitamka tena, kwa sababu yeye aliitamka mara mbili. Mimi, mzee wa parokia, rozari mfukoni.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" Swalehe akauliza.

"Kumi na miwili."

"Na sasa?"

"Sabini na minne."

Nikauliza nilichokwenda kuuliza: kama Kuka angeweza kuhamishwa, akalazwa kwa Kukhu.

"Maiti hafukuliwi kwa sababu sisi tunaumia," akasema. Hakuwa mkali. "Hapo umechelewa, Kaka."

"Basi muutoe ule msalaba."

"Msalaba gani? Mchwa waliula zamani, wa kwake na wa mama yako. Pale ni nyasi tu. Hata hatujui yeye ni yupi." Nikasikia mlango, kisha hatua kwenye changarawe. Alikuwa ameanza kutembea. Makaburi ya misheni hayako mbali na kwao. Alitembea, sisi tukasikiliza pumzi yake, Mariamu na mimi, vichwa vimekaribiana juu ya simu. "Haya, niko kwenye ukuta," akasema. "Nielekeze. Wewe ndiye uliyebaki unayejua."

Nikafumba macho. "Ingia kwa lango dogo. Kuna mti mkubwa kushoto."

"Umekatwa. Kisiki kipo."

"Simama kwenye kisiki, tazama kanisa. Hatua tisa mbele. Za mtoto."

Nikamsikia akihesabu, akifupisha hatua, mtu mzima mwenye wajukuu. "Tisa."

"Mkono wa kulia ni mama. Wa kushoto ni yeye."

"Miguu iko upande gani?"

"Upande wa kanisa."

Nyasi zikachakacha. Alikuwa anazunguka, akitafuta mahali pa kusimama. Halafu akasema, wazi kabisa, jinsi mtu anavyosema akifika mlangoni kwa mzee wake: "Assalamu alaikum, Kuka. Ni Swalehe wa Idi. Tumeambiwa."

Nilijibana kwenye simu nikingoja, kama mjinga, kama yule mtoto aliyengoja pumzi inayofuata. Mvua ilikuwa imeanza kule. Niliisikia ikipiga majani, ikikaribia, mpaka Swalehe akasema kwamba inabidi arudi, miguu yake inalowa.